Kocha wa Marekani akisema mwanao asicheze mwaka mzima: ni adhabu au nafasi?

Chukulia kijana kutoka Same kapata ufadhili wa kucheza mpira wa kikapu chuo kikuu Marekani. Mtaa mzima unajua. Miezi mitatu baadaye anapiga simu nyumbani: "Mama, kocha anasema msimu huu nisicheze. Nitakuwa nafanya mazoezi tu."

Nyumbani watu wanaelewa kitu kimoja: kaachwa.

Mara nyingi sio hivyo. Kocha anazungumzia utaratibu ambao Wamarekani wanauita redshirt, yaani shati jekundu. Ni mwaka ambao mchezaji anabaki kwenye timu, anaingia darasani, anafanya mazoezi na wenzake, lakini hachezi mechi ya mashindano. Lengo ni msimu huo usihesabiwe kwenye misimu yake ya kucheza.

Je, unamsaidia kijana anayesuasua, au unampotezea muda? Inategemea kwa nini anasuasua. Kama tatizo ni mwili ambao haujakomaa, lugha, au kuanza kikapu akiwa amechelewa, mwaka huo unaweza kubadilisha maisha yake. Kama tatizo ni kwamba kocha hana mpango naye, mwaka huo ni benchi lenye jina zuri.

Unafanyaje kazi

Michezo ya vyuo vikuu Marekani inasimamiwa na chombo kinachoitwa NCAA. Kanuni iliyozoeleka kwenye daraja lake la kwanza ni hii: mchezaji ana misimu 4 ya kucheza, ndani ya miaka 5.

Miaka hiyo 5 inaanza kuhesabiwa siku anayojiandikisha chuo kama mwanafunzi wa muda wote. Ikishaanza haisimami. Akiumia, akihama chuo au akirudi nyumbani kupumzika, yenyewe inakwenda tu.

Misimu 4 ndani ya miaka 5 maana yake kuna mwaka mmoja wa ziada. Shati jekundu ni njia ya kuutumia.

Jina lenyewe linatokana na football ya Kimarekani. Mwaka 1937 mchezaji wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Warren Alfson, aliomba akae nje msimu mmoja kwa sababu mbele yake kulikuwa na wachezaji wazoefu. Inasimuliwa kwamba mazoezini alikuwa akivaa jezi nyekundu isiyo na namba, na jina likabaki hapo.

Kuna kitu kimoja kimewaumiza wengi. Kwenye football, tangu 2018, mchezaji anaruhusiwa kucheza hadi mechi 4 na bado msimu wake usihesabiwe. Kikapu hakikupewa unafuu huo. Kwa kanuni iliyotumika kwa miaka mingi, dakika moja ya mechi moja ilitosha kuula msimu mzima. Yaani timu inaongoza kwa pointi 30, zimebaki sekunde 40, kocha anamwingiza dogo ili mashabiki wamshangilie, na hapo msimu umekwenda.

Aliyeumia ana njia yake tofauti. Kama jeraha limetokea nusu ya kwanza ya msimu na hajacheza zaidi ya asilimia 30 ya mechi, chuo kinaweza kumwombea arudishiwe msimu huo.

Sio kukariri darasa

Hapa wazazi wengi wanachanganya. Kwetu kukaa mwaka wa ziada kunaitwa kukariri, na kukariri ni aibu.

Shati jekundu halimrudishi kijana nyuma kimasomo. Anasoma masomo ya mwaka wake kama kawaida, na lazima ayafaulu, maana akifeli hata mazoezi anaweza kuzuiwa. Kinachosubiri ni mechi tu. Ratiba ya mazoezi inabaki ileile, na kanuni ya NCAA inaruhusu hadi saa 20 kwa wiki za shughuli za timu wakati wa msimu. Tofauti ni kwamba wenzake wakisafiri kwenda kucheza ugenini, yeye anaweza kubaki kwenye jimu ananyanyua vyuma.

Aliyesuasua miaka miwili, kisha akakaa nje

Mfano unaotajwa sana ni wa Kelly Olynyk wa Kanada, na sababu ipo. Alicheza misimu miwili Gonzaga, 2009-10 na 2010-11, bila makubwa. Msimu wa pili wastani wake ulikuwa pointi 5.8 kwa mechi. Alikuwa amerefuka haraka, kutoka mchezaji wa nje hadi mtu wa chini ya kikapu, na mwili ulikuwa haujaufikia urefu wake.

Msimu wa 2011-12 akakubali kukaa nje. Ona hilo: sio mwaka wa kwanza, ni wa tatu, wakati wenzake wa rika lake wanataka dakika zaidi. Akautumia kujenga nguvu na kujifunza upya kucheza karibu na kikapu.

Aliporudi 2012-13 alifunga wastani wa pointi 17.8. Gonzaga ikashika namba 1 kitaifa kwa mara ya kwanza katika historia yake, na Juni 2013 Olynyk akachaguliwa wa 13 kwenye drafti ya NBA.

Mikal Bridges alikaa nje mapema zaidi. Alifika Villanova 2014 akiwa mwembamba, akavaa shati jekundu mwaka wa kwanza. Msimu uliofuata alifunga wastani wa pointi 6.4, kisha 9.8, kisha 17.7. Amechukua ubingwa wa vyuo mara mbili, 2016 na 2018, na akachaguliwa wa 10 kwenye drafti ya 2018.

Ukiwaangalia hawa wawili, kuna kitu wanafanana ambacho hakiko kwenye takwimu. Wote walikuwa kwenye vyuo ambavyo makocha wao walikaa muda mrefu na walikuwa na kawaida ya kukuza wachezaji taratibu. Bila hilo hadithi ingeweza kuwa nyingine kabisa.

Mutombo: mwaka wa Kiingereza

Karibu na kwetu yupo marehemu Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Alifika Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, mwaka 1987 kwa ufadhili wa serikali ya Marekani, akitaka kuwa daktari. Kiingereza chake kilikuwa bado. Mwaka wa kwanza hakuichezea timu, kazi yake kubwa ikawa kujifunza lugha.

Alipoanza 1988-89, wastani ulikuwa pointi 3.9 tu. Lakini kufikia 1990-91 alikuwa na pointi 15.2 na ribaundi 12.2 kwa mechi. Denver Nuggets wakamchagua wa 4 mwaka 1991, na baadaye akawa mchezaji bora wa ulinzi wa NBA mara 4.

Huu ndio mfano ambao mzazi wa Same anapaswa kuuangalia zaidi ya ule wa Olynyk. Kijana aliyetoka kidato cha nne shule ya kata anaweza kuwa amesoma masomo kwa Kiingereza, lakini kocha anayepiga kelele kwa haraka, kwa lafudhi ya Marekani, huku saa ya mechi inakimbia, ni kitu kingine. Mchezaji akichelewa nusu sekunde kuelewa, anaonekana hana akili ya mpira. Kumbe anatafsiri kichwani.

Thabeet na Atiki hawakukaa nje

Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, Hasheem Thabeet, hakupitia shati jekundu. Alizaliwa Dar es Salaam 1987, akaanza kikapu akiwa na miaka kama 15. Hapo ni kuchelewa sana. Bado, msimu wake wa kwanza Connecticut, 2006-07, alizuia mitupo 3.8 kwa mechi. Pointi zake zilipanda kila mwaka: 6.2, 10.5, 13.6. Mwaka 2009 alichaguliwa wa 2 kwenye drafti, mbele ya James Harden na Stephen Curry.

Huyu angewekwa nje mwaka wa kwanza, angepoteza. Alikuwa na kitu kimoja ambacho timu inakihitaji leo, urefu na kuzuia, na mengine aliyajifunza akicheza.

Watu watasema: mbona NBA hakung'ara? Kweli, Februari 2010 Memphis walimpeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo, na hadi 2014 wastani wake NBA ulikuwa pointi 2.2. Ila kwa maoni yangu hilo sio swali la shati jekundu. Aliingia NBA akiwa amecheza kikapu kwa miaka isiyofika 8, akachaguliwa juu mno, na matarajio yakawa makubwa kuliko muda aliopewa kujifunza.

Wa pili ni Atiki Ally Atiki wa Mwanza. Alipitia Kanada kabla ya kufika Brigham Young, chuo cha Utah kinachojulikana kama BYU, mwaka 2021. Naye alikuwa bado anajifunza mchezo, yaani mtu ambaye kwa makaratasi shati jekundu lingemfaa. Lakini msimu huohuo BYU ilipungukiwa watu warefu chini ya kikapu, wengine wakiwa nje kwa matatizo ya kiafya. Ikabidi aingie acheze. Alikaa BYU misimu mitatu, kisha 2024 akahamia New Mexico.

Hapo unaona jambo ambalo familia haiwezi kulipanga. Uamuzi wa nani akae nje haufuati mahitaji ya kijana peke yake. Unafuata pia nani kaumia.

Siku hizi mambo yamebadilika

Hadi 2021, mchezaji wa kikapu aliyehama chuo kwa kawaida alilazimika kukaa nje mwaka mzima. Mwaka huo akaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu hiyo. Aprili 2024 kikomo cha idadi ya kuhama kikaondolewa, ilimradi masomo yake yako sawa.

Matokeo yake kocha anayetaka senta hana haja ya kumsubiri kijana wa miaka 18 anenepe. Anachukua mwenye miaka 22 kutoka chuo kingine. Na kijana naye hana haja ya kusubiri, anahama kutafuta dakika. Subira imepungua pande zote mbili.

Kwa hiyo leo kocha akimwambia mwanao akae nje, maana yake inaweza kuwa mojawapo ya mambo mawili yaliyo kinyume kabisa. Labda anamwamini kiasi kwamba yuko tayari kumlipia mwaka mzima bila faida ya haraka. Au anamwambia kwa upole atafute chuo kingine. Kutofautisha sio vigumu sana: anayeaminiwa anapewa mpango wa maandishi wa chakula, uzito, mazoezi ya mikono na mtu wa kumsimamia. Asiyeaminiwa anaambiwa tu "endelea kujituma".

Wengine wanamaliza kazi hii kabla ya chuo. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Uganda, aliingia kwenye kikapu mwaka 2019 tu. Alipitia akademi ya NBA iliyoko Senegal, akacheza Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 17, kisha msimu mmoja tu Duke, na 2025 akachaguliwa wa 10 kwenye drafti. Mwaka wake wa kujifunza aliufanyia Afrika.

Saa inaweza kuanza ukiwa bado Same

Hili ndilo linalowapata vijana wa huku bila wao kujua.

Njia ya kawaida ya kijana wa Upare kuonekana ni UMISSETA: shule, wilaya, mkoa, taifa. Kutoka mlimani, Chome, Vudee au Gonja, hata kupata eneo tambarare la kuweka uwanja wa kikapu ni kazi. Wengi wanagusa mpira huo kwa mara ya kwanza wakishuka kusoma Same mjini au Moshi. Kwa hiyo wanachelewa, na wakichelewa wanashawishika kukaa nyumbani mwaka mmoja au miwili wakijinoa kabla ya kutafuta chuo.

NCAA imekuwa na kanuni kwa hilo pia. Kwenye kikapu, ukishamaliza sekondari una takriban mwaka mmoja wa neema. Baada ya hapo, kila mwaka unaocheza mashindano yaliyopangwa rasmi bila kuwa chuo unaweza kukukatia msimu mmoja kati ya ile 4. Ligi ya mkoa ni mashindano yaliyopangwa. Kijana aliyemaliza kidato cha sita akaenda Dar es Salaam kucheza BDL misimu miwili anaweza kufika Marekani akidhani ana misimu 4, kumbe ana pungufu.

Masomo nayo yana mtego wake. NCAA inaangalia masomo ya sekondari yaliyokamilika ndani ya muda wa kawaida wa nchi yako. Aliyepata D za kutosha kidato cha nne, akarisiti Hisabati mwaka uliofuata, asidhani matokeo mapya yatahesabiwa moja kwa moja. Yanaweza yasihesabiwe. Vilevile kidato cha nne kinaisha Novemba, matokeo yanatoka mwaka unaofuata, na vyuo vya Marekani vinafungua Agosti, hivyo miezi ya kusubiri inakuwepo hata kwa ambaye hakufanya uzembe wowote.

Anayehangaika kucheza mwaka wa kwanza akiwa na misimu miwili tu iliyobaki hana anasa ya kukaa nje kirahisi kama mwenye 4. Kabla ya kujadili shati jekundu, jua una misimu mingapi. Jibu linatoka kwenye ofisi ya kanuni ya chuo na kituo cha NCAA kinachohakiki sifa za wachezaji. Wakala hana mamlaka hayo, hata awe mwenyeji wenu.

Nani analipa?

Mzee wa Usangi atauliza hili kabla ya yote, na yuko sahihi.

Mchezaji mwenye ufadhili kamili akivaa shati jekundu, kwa kawaida ufadhili unaendelea: ada, malazi, chakula, vitabu. Lakini vyuo vingi vinatoa ufadhili wa mwaka mmoja unaofanywa upya kila mwaka. Kukaa nje mwaka huu hakukuhakikishii mwaka wa 5. Kocha akifukuzwa, ahadi ya mdomo inaondoka naye.

Wapare wanataniwa nchi nzima kwa kuhesabu senti na kupenda mahakama. Safari hii tabia hiyo ndiyo inayotakiwa. Omba barua.

Kuna suala la viza pia. Wanafunzi wengi wa kigeni wanakwenda na viza ya F-1, ambayo inamtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome masomo kamili kila muhula, kwa kawaida vipindi 12 vya mkopo. Akishuka chini ya hapo bila ruhusa, tatizo linahama kutoka uwanjani kwenda uhamiaji. Na yale mamilioni ambayo wachezaji wa Marekani wanaruhusiwa kuingiza kwa matangazo tangu Julai 2021, mwenye F-1 hawezi kuyachukua hivihivi, kwa sababu viza hiyo inabana kazi. Asikudanganye mtu kwamba akikaa nje mwaka mmoja "atafidia kwa matangazo".

Upande wa pili wa hesabu ni mzuri zaidi. Mwenye ufadhili wa miaka 5 anaweza kumaliza shahada ya kwanza ndani ya miaka 4 na kutumia mwaka wa mwisho kuanza shahada ya pili, akiwa bado anacheza. Wachezaji wengi waliovaa shati jekundu wanafanya hivyo. NBA inachagua wachezaji 60 hivi kwa mwaka kutoka dunia nzima, kwa hiyo kwa familia nyingi shahada ya pili bila deni ndiyo faida halisi ya ule mwaka wa kukaa nje.

Maswali ya kumpigia kocha

Simu ikiingia, usimwambie kijana arudi na usimwambie avumilie. Mwambie aulize kwanza: nikikubali, ni kitu gani hasa unataka niwe nimekibadilisha kufikia msimu ujao? Jibu liwe la kupimika, kama kilo, asilimia ya mitupo huru au kiwango cha Kiingereza. Kwenye nafasi yangu mwakani watabaki nani, na unasajili nani? Ufadhili wa mwaka wa 5 umeandikwa wapi? Na wachezaji wako watatu wa mwisho kukaa nje, wako wapi sasa hivi?

Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi kulikwepa, maana majina yapo na orodha za timu ziko mtandaoni. Kama wote watatu walihama kabla ya kucheza, mwambie kijana aanze kuzungumza na mshauri wake wa masomo mapema, kabla dirisha la kuhama halijafungwa.